Kuitia Majira Seiko 5 Bila Kuidhuru Springi

Seiko 5 yenye mtambo wa 7S26 hupiga mapigo 21,600 kwa saa moja, yaani 6 kila sekunde, na kiwanda huihesabu kuwa nzima hata ikiwahi sekunde 40 au ikichelewa sekunde 20 kwa siku. Kwa subira, kosa hilo hupungua likabaki sekunde chache tu, lakini kazi yenyewe huanza kwa daftari, si kwa bisibisi.

Ivae saa kama kawaida kwa siku tano, na kila asubuhi, saa moja kamili, andika mshale wa sekunde umepishana na saa ya simu kwa kiasi gani. Mtambo huu hausimami ukivuta kitufe cha pembeni, wala hautiwi ufunguo kwa mkono. Kwa hiyo linganisha tofauti ya leo na ya jana, na uhakikishe saa imevaliwa vya kutosha, maana mwendo wa mkono ndio unaokaza springi kuu inayoendesha saa, nayo ikilegea hutoa vipimo vya uongo. Saa iliyoanza ghafla kuwahi dakika nzima kwa siku aghlabu imeshika usumaku kwenye spika au kifungo cha mkoba, hata mizunguko ya springi nyembamba, ile inayolirudisha gurudumu linaloyumba, ikanatana. Hiyo mpelekee fundi aiondoe usumaku kwanza.

Ukishafungua mfuniko wa nyuma, iinamishe saa ili kile kipande kizito kinachojizungusha kiondoke juu ya gurudumu linaloyumba. Hapo utaona vijiti viwili vya chuma vilivyokaribiana. Kilichoshika ncha ya springi hiyo nyembamba usikiguse kabisa, kwa sababu kikisogea mapigo hupoteza ulinganifu, na kukirudisha mahali pake bila mashine ya kupimia ni kubahatisha. Kingine ndicho chako: kikielekea alama ya kujumlisha, sehemu ya springi inayofanya kazi hufupika na saa hukaza mwendo, kikielekea alama ya kutoa, hupunguza.

Tumia kijiti cha meno kilichochongwa, kwani chuma kikiteleza huipinda springi na hasara yake ni kubwa. Saa inayowahi sekunde 18 imekosea sehemu moja tu kati ya 4,800 za siku, kwa hiyo kisukume kidogo mno, kiasi ambacho hata kwa lenzi hutakuwa na hakika kwamba kimesogea. Rudisha mpira wa kuzuia maji na mfuniko, vaa siku tatu, kisha pima tena.

Sekunde mbili tatu zitakazobaki usizifuate ndani ya mtambo. Ilaze saa kioo juu usiku mmoja, usiku wa pili iegemeze ubavuni, uandike tofauti, kisha uchague mlalo unaozifidia.