Kabla hujanunua kifaa cha kusomea vitabu

Ukitaka kujua kwa nini watu wananunua kifaa hiki wakati simu wanayo, kaa nacho nje kwenye boti ya Unguja saa sita mchana. Simu inageuka kioo cha kujitazamia, unaona pua yako tu. Kifaa kinasomeka kama gazeti, maana wino wake wa kielektroniki haushindani na jua, unautumia mwanga huohuo kama karatasi. Umeme kinakula kidogo mno, na hata huo kinautumia zaidi pale unapofungua ukurasa mpya, ndiyo maana chaji inakaa wiki kadhaa. Na WhatsApp haimo. Kwangu hilo peke yake lilitosha.

Ila angalia kwanza unasoma nini. Kama ni PDF za chuo, zile za kurasa za A4 zilizopigwa skani, kioo cha inchi 6 kitakutesa: herufi kama sisimizi, na ukizikuza unabaki kusukuma ukurasa kushoto kulia kila mstari. Hapo bora tableti kubwa. Riwaya za EPUB, yaani faili za vitabu vya kielektroniki, ndizo zake; unakuza herufi, maneno yanajipanga upya yenyewe. Vifaa vya kampuni ya Kobo vinazifungua moja kwa moja. Kwa Kindle, kifaa cha Amazon, zitume kupitia huduma ya Send to Kindle, ambayo inazipokea tangu 2022.

Ukipata cha mtumba, muuzaji akitoe kwenye akaunti yake ya Amazon au Kobo mbele ya macho yako, ndipo utoe hela.