Namna ya Kumwandika Mwandani katika Michezo ya Uhusika

Katika michezo mingi ya uhusika, yaani michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huongoza mhusika ndani ya hadithi, mchezaji hukaa na wandani wake, wale wahusika wanaosafiri naye, kwa saa nyingi kuliko anavyokaa na adui mkuu wa hadithi, ambaye pengine humwona mara chache tu kabla ya pambano la mwisho. Hivyo mwandani aliyeandikwa kwa ulegevu huudhoofisha mchezo mzima, hata kama ramani zake zinapendeza na mapambano yake yamesanifiwa kwa ustadi. Ninashikilia kwamba mwandani huanza kuishi pale anapokuwa na uwezo wa kumkatalia mchezaji, na kazi yote ya mwandishi ni kuujenga uwezo huo.

Kabla ya kuandika sentensi yoyote ya mazungumzo, andika aya moja inayojibu maswali matatu: mhusika huyu alikuwa anataka nini kabla ya kukutana na mchezaji, kwa nini anaamini kwamba kuungana na msafara kutamfikisha huko, na ni jambo gani ambalo hatalivumilia kamwe. Tuseme unaandika habari za Rehema, tabibu aliyetoroka jeshini baada ya kamanda wake kuamuru majeruhi waachwe porini. Anamtafuta kamanda huyo, anafuatana na mchezaji kwa kuwa njia yao ni moja, na hawezi kustahimili kuona mtu aliyejeruhiwa akiachwa. Kutokana na mambo hayo matatu, matukio yake makubwa yanajitokeza karibu yenyewe: siku mchezaji atakapoamua kumwacha mateka anayevuja damu ili awahi, siku msafara utakapoukaribia mji alimo kamanda, na siku ambayo kamanda mwenyewe ataletwa mbele ya Rehema akiwa majeruhi.

Hatua inayofuata ni kuamua mchezo utakumbuka nini, na hapa ndipo waandishi wengi hukimbilia namba. Dragon Age: Origins ya mwaka 2009 ilimpa kila mwandani kipimo cha kumkubali mchezaji, kuanzia -100 hadi 100. Kipimo hicho kilikuwa rahisi kueleweka, lakini kwa kuwa zawadi nazo zilikipandisha, mwandani aliyechukizwa na tendo zito aliweza kutulizwa kwa vitu alivyokabidhiwa kambini. Dragon Age II ya mwaka 2011 ilijaribu njia nyingine: uhusiano uliweza kuelekea urafiki au upinzani, na mwandani aliyepingana na mchezaji hakukosa hadithi yake. Naiona njia hii kuwa bora, kwa maana inamruhusu mtu akae nawe huku akikupinga, jambo ambalo namba moja haiwezi kulibeba. Namba hueleza ukubwa wa hasira bila kueleza chanzo chake. Kwa hiyo, hata ukiitumia, weka kando yake kigeu, yaani kumbukumbu ndogo ndani ya programu, kwa kila tendo kubwa: mateka aliachwa au aliokolewa, ukweli ulisemwa au ulifichwa.

Vigeu hivyo ndivyo vitakavyokupa maneno. Mwandishi anayetegemea namba peke yake ataandika: "Nimekasirishwa sana na matendo yako." Mwandishi anayekumbuka tendo ataandika: "Yule kijana pale darajani aliniita mara mbili. Nitaendelea kukufunga majeraha, lakini usiniulize tena habari za nyumbani kwetu." Sentensi ya pili inataja kilichotokea, inaonyesha kwamba Rehema bado ni tabibu hata akiwa na uchungu, kisha inamnyima mchezaji kitu alichokuwa nacho jana.

Majibu ya mchezaji nayo yanahitaji uangalifu. Machaguo matatu yanayoishia kwenye jibu lilelile huvumilika mara moja moja, mradi kila moja lieleze msimamo tofauti, lakini yakizidi mchezaji huacha kuyasoma. Mass Effect ya mwaka 2007 ilionyesha muhtasari mfupi badala ya sentensi kamili, kwa kuwa mhusika mkuu alikuwa na sauti yake, yaani maneno yake yalitamkwa na mwigizaji. Hatari yake ni kwamba mchezaji huchagua maneno ya upole kisha akasikia karipio. Kama mhusika wako mkuu hana sauti, andika sentensi nzima.

Mazungumzo ya wandani wenyewe kwa wenyewe yana thamani kubwa, ila yapangie mipaka mapema. Wandani 6 hutoa jozi 15, na wandani 10 hutoa jozi 45, kwa hiyo ukiahidi mazungumzo manne kwa kila jozi utajikuta unadaiwa 180. Chagua jozi chache zenye mgongano wa kweli. Katika Baldur's Gate II ya mwaka 2000, Keldorn, askari mtakatifu, na Viconia, kasisi wa giza, waliweza kufikia hatua ya kupigana iwapo mchezaji aliwaweka pamoja, na uhasama huo ulitokana moja kwa moja na imani zao.

Iwapo mwandani anaweza kuondoka, mpe maonyo mawili yanayosikika kabla ya siku hiyo, la kwanza kambini na la pili mbele ya tendo lenyewe, ili mchezaji ajue anachokipoteza. Akishaondoka, usimrudishe kwa sentensi moja ya kuomba radhi.

Programu kama Twine, Ink na Yarn Spinner zinatosha kujaribia matawi haya ya mazungumzo kabla ya kuyaingiza katika mchezo. Kwanza funika majina ya wasemaji na usome mistari kwa sauti; ukishindwa kumtambua anayesema, rudi kwenye ile aya ya maswali matatu. Kisha pitia hadithi yote ukimpinga Rehema kila inapowezekana, na ufute kila mstari ambamo anamshukuru mchezaji kwa wema ambao safari hiyo hakuutenda.