Kumfundisha kijana mwenye usonji kupanda daladala peke yake

Tuchukue ruti ya Tegeta–Makumbusho jijini Dar es Salaam. Kijana anashuka Mwenge. Anaweza kusoma kibao cha gari, haongei sana, na kelele zinamchosha.

1. Anza na kushuka

Wazazi wengi huanza na kupanda. Mimi huanza mwisho. Safari za kwanza fanya wewe kila kitu, umwachie jambo moja tu: kusema "Shusha Mwenge." Kituo cha Lugalo, kabla ya kufika Mwenge, kiwe alama yake: gari likipita hapo, anashika begi. Akishaweza bila kukutazama usoni, mwongezee kulipa nauli, kisha kuchagua gari. Kwa njia hii kila safari inaishia kwenye jambo analoliweza tayari. Kama sauti haitoki, amwonyeshe konda karatasi iliyoandikwa kituo wakati wa kulipa.

2. Nauli

Iwe kamili, asihangaike na chenji. Ya kwenda mfuko wa kushoto, ya kurudi wa kulia.

3. Igizeni konda

Konda huita kwa kelele na kuvuta abiria mkono. Jirani aigize hivyo hapo nyumbani, na kijana azoee kusema "Usinishike." Gari likijaa, anasubiri jingine. Anzeni saa nne asubuhi. Magari ya saa kumi na mbili yaacheni mpaka azoee.

4. Haribuni safari makusudi

Hapa tumieni muda mwingi kuliko kwingine kote. Kijana aliyekariri ruti anaweza kuvurugika kabisa gari likikatisha njiani, na daladala hukatisha. Kwa hiyo siku moja shukeni kabla ya kufika kituoni, siku nyingine pitilizeni. Matatizo yote yawe na jibu moja: shuka, simama kituoni mbali na barabara, piga namba ya kwanza kati ya mbili mlizokubaliana; isipopokelewa, ya pili. Asianze kutembea akitafuta njia. Namba ya dharura, 112, aijue, ila maswali ya haraka ya mtu asiyemfahamu yanaweza kumfunga mdomo.

Hapo ndipo kadi ya kumwonyesha mtu aliye karibu inasaidia: "Nina usonji. Naelewa, lakini nahitaji muda kujibu. Tafadhali usinishike. Mpigie…" Weka jina na namba mbili. Anuani ya nyumbani usiiandike, na kadi ikae mfukoni. Kuivaa shingoni ni kumtangaza kwa kila mtu, matapeli wakiwemo.

5. Kuvuka

Kwenye zebra, magari kusimama hakutoshi. Bodaboda hupenya katikati yake. Afundishwe kusimama tena na kuchungulia kabla ya kila mstari wa magari. Hedifoni za kuzuia kelele azivue hapa. Ndani ya gari avae apendavyo.

6. Jitoe kidogo kidogo

Kaa siti ya nyuma. Baadaye panda gari linalofuata. Kisha msubiri Mwenge. Mwisho baki nyumbani, naye atume ujumbe: "Nimefika." Ukitaka simu ikuonyeshe alipo, mwombe ruhusa, kumfuatilia mtu mzima kwa siri sikubaliani nako, hata kama ni mwanao.

Ujumbe ukichelewa, kumbuka foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Kubalianeni mapema utasubiri dakika ngapi kabla ya kupiga, na ukipiga, uliza swali moja tu: "Uko kituo gani?"