Namna ya Kuisikiliza Lugha ya Vihisi na Mota za EV3

Katika vyama vya roboti vya shule kadhaa jijini Nairobi nimekuta kasha lile lile kabatini: vihisi vinne au vitano vya LEGO Mindstorms EV3, mota tatu, rundo la nyaya nyeusi bapa, na kidhibiti, yaani lile tofali kubwa lenye skrini, ambacho hakiwaki tena. Seti ya kujengea roboti ya EV3 ilitoka mwaka 2013, na mwishoni mwa mwaka 2022 kampuni iliacha kabisa kuuza bidhaa za Mindstorms, kwa hiyo kupata kidhibiti kipya leo ni vigumu na bei yake haiendani na mfuko wa shule. Hata hivyo kifo cha kidhibiti hakiviui vihisi. Kihisi cha EV3, isipokuwa kile cha kugusa, kina kompyuta ndogo ndani yake, na kila kinapopewa umeme hujitambulisha chenyewe: hutaja aina yake, idadi ya kazi kinazoweza kufanya, majina ya kazi hizo na kipimo cha kila moja. Anayetaka kukitumia kwa kidhibiti kingine hana haja ya kubahatisha. Anatakiwa kusikiliza kwa makini kwanza, kisha ajibu kwa namna inayotarajiwa.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Utahitaji multimita, bodi ndogo ya programu inayotumia volti 3.3 kama vile ESP32 au Raspberry Pi Pico, na kifaa cha kurekodi ishara za kidijitali chenye njia 8, ambacho huchomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Vyote hivi hupatikana katika maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, ingawa kifaa cha kurekodi ishara huenda ukalazimika kukiulizia duka baada ya duka, kwa sababu wauzaji wengi hukiweka chini ya kaunta pamoja na vitu visivyonunuliwa kila siku. Kwenye kompyuta, weka programu ya PulseView, ambayo ni ya bure na inajua kugeuza mawimbi kuwa baiti, yaani mafungu ya biti 8, na kila biti ni 0 au 1. Usichague bodi ya volti 5 kama Arduino Uno kwa kazi hii, kwa kuwa nyaya za mazungumzo za kihisi hufanya kazi kwa volti 3.3 hata kama kihisi chenyewe hulishwa volti 5.

Plagi ya EV3 inafanana na ile ya simu ya mezani yenye nyaya sita, ila kikwamizi chake kimesogezwa pembeni, kwa hiyo plagi za kawaida hazikai sawasawa. Njia nyepesi ni kutoa mhanga waya mmoja: ukate katikati, uchune ncha, na ulehemu kila ncha kwenye pini ya kuunganishia. Sasa utaona rangi sita, na hapa ninaomba msomaji atulie. Fundi yeyote aliyezoea redio na magari hujua kwamba nyekundu ni chanya. Katika waya huu nyekundu ni ardhi, na umeme chanya wa volti 5 hupita kwenye kijani. Niliwahi kuunguza kihisi kizima kwa sababu mkono ulifuata mazoea badala ya kufuata mchoro, na kihisi kilichoungua namna hiyo hakitengenezeki. Kabla ya kuwasha chochote, iulize multimita. Na kama waya wako si wa asili, usiamini rangi hata moja mpaka umefuata kila uzi kutoka kwenye plagi hadi kwenye ncha. Nyaya za njano na bluu ndizo za mazungumzo, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Nyeupe na nyeusi hatutazihitaji kwa kihisi cha rangi tutakachokitumia kama mfano.

Unganisha nyekundu kwenye ardhi ya bodi na pia kwenye ardhi ya kifaa cha kurekodi, kijani kwenye volti 5, kisha njano na bluu kwenye njia mbili za kurekodi, bila kuziunganisha na bodi kwa sasa. Anza kurekodi kwa kasi ya sampuli milioni 1 kwa sekunde, ndipo uwashe umeme. Waya mmoja utabaki kimya, na mwingine utaanza kuonyesha mafungu ya mawimbi yanayojirudia. Huo wenye mawimbi ndio mdomo wa kihisi, na ule uliokaa kimya ni sikio lake. Andika rangi zake daftarini mara moja.

Swali la kwanza ni kasi ya mazungumzo, na jibu lake halihitaji kitabu. Kuza picha ya mawimbi, tafuta mpigo mfupi kuliko yote, upime upana wake. Utapata takriban maikrosekunde 417. Gawanya sekunde 1 kwa muda huo na utapata biti 2400 kwa sekunde. Iambie PulseView itafsiri mawimbi hayo kama mawasiliano ya UART, yaani yale ya kutuma biti moja baada ya nyingine kwenye waya mmoja, kwa kasi ya 2400, biti 8 za data, bila biti ya usawa, na biti 1 ya kusimama. Kama herufi zinazotokea hazina mpangilio wowote, kagua kasi kwanza kabla ya kulaumu waya.

Sasa zitazame baiti zenyewe. Mwanzoni mwa fungu la kihisi cha rangi utakuta baiti tatu hizi, zikiandikwa katika mfumo wa heksadesimali, wenye tarakimu 16 kuanzia 0 hadi 9 kisha A hadi F:

40 1D A2

Baiti ya kwanza ni kichwa cha ujumbe, na ndani yake mna mambo matatu. Biti 2 za juu hueleza aina ya ujumbe: 00 ni ishara fupi za mfumo, 01 ni amri, 10 ni maelezo, na 11 ni data. Biti 3 zinazofuata hueleza urefu wa mzigo, lakini kwa vipeo vya 2, kwa hiyo 000 ni baiti 1, 001 ni baiti 2, 010 ni baiti 4, na kuendelea hadi 101 ambayo ni baiti 32. Biti 3 za mwisho hutaja amri ni ipi, au kama si amri, ni hali ipi ya kihisi, yaani ipi kati ya kazi zake, inayozungumziwa. Basi 40 ni amri namba 0 yenye mzigo wa baiti 1, na amri namba 0 maana yake ni "aina yangu". Mzigo wenyewe ni 1D, yaani 29 kwa hesabu ya kawaida, ambayo ndiyo namba ya kihisi cha rangi. Kihisi cha umbali kwa mawimbi ya sauti ni 30, kihisi cha mzunguko ni 32, na kile cha miale isiyoonekana ni 33.

Baiti ya tatu ni ya ukaguzi. Hupatikana kwa kuanza na FF na kuilinganisha na kila baiti ya ujumbe kwa XOR, ile hesabu ambayo biti mbili zikifanana jibu huwa 0 na zikitofautiana huwa 1. Ifanye kwa mkono angalau mara moja: FF na 40 hutoa BF, na BF pamoja na 1D hutoa A2. Jibu likilingana na kilicho kwenye waya, umekwisha kuthibitisha kasi, mpangilio na kanuni ya ukaguzi kwa mpigo mmoja. Nimewaona wanafunzi wa kidato cha pili wakiruka kwa furaha hapa, nami sijawahi kuwazuia.

Ujumbe unaofuata ni 49 05 02 B1, unaosema kwamba hali za kihisi zinafika namba 5, yaani ziko 6 tukihesabu kuanzia 0, na kwamba zile zinazokusudiwa kuonyeshwa kwa mtumiaji zinaishia namba 2. Kisha huja 52 00 E1 00 00 4C. Mzigo wake ni baiti 4 zinazoanza na ndogo, kwa hiyo zisome kinyumenyume: 0000E100, ambayo ni 57600. Kihisi kinatoa taarifa kwamba baada ya utambulisho kitahamia kasi hiyo.

Halafu yanafuata maelezo ya kila hali, kwa kawaida kuanzia ya juu kabisa kushuka hadi 0. Ujumbe wa maelezo una baiti moja ya ziada baada ya kichwa, inayosema ni maelezo ya namna gani: 00 ni jina, 01 ni mipaka ya vipimo ghafi, 02 ni mipaka kwa asilimia, 03 ni mipaka kwa vizio halisi, 04 ni alama ya kizio, na 80 ni muundo wa data. Utakutana na A0 00 ikifuatiwa na 43 4F 4C 2D 52 45 46 4C 45 43 54 na masifuri ya kujazia hadi baiti 16. Zigeuze ziwe herufi na utasoma COL-REFLECT, hali namba 0 inayopima mwanga unaorudi kutoka juu ya kitu. Endelea hivyo na utapata majina ya hali zote sita bila kufungua ukurasa wowote wa maelekezo.

Utambulisho huisha kwa baiti moja tupu, 04, isiyo na ukaguzi. Hiyo ni ishara ya kihisi kusema "nimemaliza". Ikikosa jibu, baada ya muda mfupi kihisi huanza tena tangu mwanzo, na ndiyo sababu rekodi yako ina mafungu yanayojirudia.

Wakati wa kujibu umefika. Unganisha mdomo wa kihisi kwenye pini ya kupokea ya bodi na sikio lake kwenye pini ya kutuma. Programu yako isome kwa kasi ya 2400, ikague kila ujumbe, na ikipokea 04 mwishoni mwa utambulisho itume 04 papo hapo, isubiri milisekunde chache ili baiti hiyo itoke yote, kisha ibadili kasi kuwa 57600. Wengi hukwama hapa kwa kubadili kasi mapema mno, kiasi kwamba baiti yao ya jibu hukatwa katikati. Jibu likipokelewa, data itaanza kumiminika. Hata hivyo kihisi kinataka kuhakikishiwa kwamba bado unasikiliza: tuma baiti 02 kila baada ya milisekunde 100, kwa maana ukinyamaza kwa takriban sekunde 1 kitajizima na kurudi kwenye utambulisho.

Ili kubadili hali, tuma amri namba 3 pamoja na namba ya hali unayoitaka. Kwa hali namba 2, inayotambua rangi, ujumbe ni 43 02 BE. Weka tofali jekundu mbele ya kihisi na utapokea C2 05 38, ambapo C2 ni data ya hali namba 2 na 05 ni nyekundu. Namba 0 maana yake hakuna rangi iliyotambuliwa, 1 ni nyeusi, 2 bluu, 3 kijani, 4 njano, 6 nyeupe na 7 kahawia.

Hali namba 4, inayotoa vipimo ghafi vya nyekundu, kijani na bluu, inastahili onyo. Kichwa chake ni DC, mzigo ni namba tatu za biti 16 zilizojaziwa hadi baiti 8, na baiti yake ya ukaguzi haiko sawa. Kosa hilo limo ndani ya kihisi chenyewe, na programu inayotupa kila ujumbe wenye ukaguzi mbaya itadhani kihisi kimekufa. Kampuni ilitoa hadharani msimbo wa kidhibiti cha EV3, na ni vizuri kuusoma, lakini jambo kama hili ndilo linalonifanya nisisitize kuanza na waya kabla ya karatasi. Kwa hali hiyo moja, iruhusu programu ipuuze ukaguzi.

Mota za EV3 ni rahisi zaidi kwa sababu hazizungumzi. Rangi za nyaya ni zile zile, ila nyeupe na nyeusi hubeba umeme wa kuzungusha mota na lazima zipitie kiendesha mota kama L298N, kamwe zisitoke moja kwa moja kwenye bodi. Nyekundu na kijani hulisha kihesabu mizunguko kilicho ndani, nacho hutoa mapigo mawili kwenye njano na bluu, moja likiwa robo ya mpigo mbele ya lingine. Linalotangulia ndilo linalokuonyesha mota inazunguka upande gani. Zungusha ekseli kwa mkono mzunguko mmoja kamili, hesabu mabadiliko yote ya nyaya zote mbili, ugawanye kwa 360, nawe utajua ni mabadiliko mangapi yanatimiza digrii moja.

Vifaa vya LEGO vya kizazi kipya, vyenye plagi ndogo ya mraba, viliendeleza lugha hii hii ya utambulisho unaoanzia kasi ya 2400. Tofauti kubwa ni mbili: umeme wa vihisi vyake ni volti 3.3, kwa hiyo volti 5 za EV3 zitaviharibu, na kasi ya baadaye hufika 115200, ambapo biti moja huchukua takriban maikrosekunde 8.7. Ukirekodi hivyo, pandisha sampuli hadi milioni 4 kwa sekunde. Baadhi ya mota za kizazi hicho nazo hujitambulisha kwa UART kama vihisi, kwa hiyo hata mota isikilize kwanza kabla ya kuipa umeme wa kuizungusha.