Programu inayohesabu matunda ipimwe mti kwa mti

Programu za simu na za droni zinazohesabu matunda, miche au mifugo kwenye picha zimekuwa nyingi, na kila muuzaji ana asilimia yake ya usahihi ya kujivunia. Kabla hujaipokea, muulize: usahihi wa nini? Wa tunda moja moja, wa kila mti, au wa jumla ya shamba zima? Programu ile ile inaweza kufaulu kwenye swali moja na kuanguka vibaya kwenye lingine.

Chukua mfano wa miti mitano. Umehesabu kwa mkono ukapata matunda 120, 80, 45, 150 na 60, jumla 455. Programu imetoa 100, 92, 58, 128 na 75, jumla 453. Kwa jumla imekosea matunda mawili tu, na hapo ndipo muuzaji atakapotaka mazungumzo yaishie. Sasa shuka mti kwa mti: imepunguza 20, imeongeza 12, imeongeza 13, imepunguza 22, imeongeza 15. Ziada imefuta pungufu. Ukiyajumlisha makosa hayo bila kujali ni ya kuongeza au ya kupunguza, ukagawa kwa tano, unapata 16.4 kwa mti. Mti wa wastani hapo una matunda 91, kwa hiyo kosa ni kama asilimia 18.

Tazama pia makosa yameangukia wapi. Miti iliyobeba sana imepunjwa, iliyobeba kidogo imeongezewa. Ni jambo la kawaida: vishada vikisongamana tunda moja huficha jingine, na kwenye mti mtupu programu huanza kuona matunda kwenye majani. Ukitaka tu kukadiria mavuno ya shamba zima, huenda jumla ikakutosha msimu huu. Lakini msimu ambao karibu miti yote imebeba sana hakutakuwa na ziada ya kufidia pungufu, na makadirio yako yatakuwa chini. Na kama unataka kujua mti upi upunguziwe matunda au upi una shida, jumla haina msaada wowote.

Ukiweza, fungua picha yenyewe uone programu imeweka alama wapi. Ule mti wa pili wenye matunda 80 umehesabiwa 92, kosa la 12. Ukizikagua alama unaweza kukuta 70 ziko juu ya matunda kweli, 22 ziko juu ya majani na udongo, na matunda 10 hayakuguswa kabisa. Hayo ni makosa 32 yaliyojificha ndani ya 12. Mimi programu isiyoonyesha alama zake siipi imani kubwa, hata namba zake zikiwa nzuri.

Kuna kipimo kingine ambacho huzidisha kila kosa kwa lenyewe, hutafuta wastani, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo. Kwa miti yetu kinatoa 16.9. Kikipishana sana na ule wastani wa kwanza, ujue kuna miti michache iliyokosewa vibaya. Grafu inayolinganisha hesabu ya mkono na ya programu, nukta zake zikiwa zimejipanga kwenye mstari ulionyooka, isikuvutie: programu inayoona nusu ya matunda kila mara hutoa mstari ulionyooka kabisa. Asilimia nayo ina hila zake. Mti wa matunda 2 ukihesabiwa 4, kosa ni asilimia 100, na mti usio na tunda hauwezi kupigiwa asilimia hata kidogo. Hata hivyo miti mitupu iwemo kwenye jaribio, maana ndiyo inayofichua programu inayobuni matunda.

Hesabu ya mkono ndiyo msingi wa yote haya, na ndipo wengi wanapolegea. Watu wawili wahesabu kila mmoja peke yake, huku wakitia alama ya chaki kwenye kila tunda lililokwisha kuhesabiwa, kila mtu na rangi yake. Wakipishana kwa matunda 6, usiilaumu programu kwa kosa la 4. Halafu tenganisha mambo mawili: matunda yanayoonekana kwenye picha, na matunda yaliyo mtini. Picha ya upande mmoja haiwezi kuonyesha yaliyo nyuma ya shina, hata programu ikiwa makini namna gani. Hesabu yote mawili ndipo utajua kosa ni la programu au la mpiga picha.

Miti ya kupimia isiwe ile ya kando ya njia iliyo rahisi kufikika. Ipe miti namba, upige kura kuchagua ya kupimia. Isiwe pia miti ambayo picha zake zilitumika kuifundisha programu. Picha za droni hupandiana, mti ule ule ukaonekana kwenye picha zaidi ya moja, kwa hiyo tenga kipande kizima cha shamba kwa ajili ya kupimia, si picha moja moja. Ugeni wa shamba ni tatizo zito: mwaka 2020 watafiti walitoa mkusanyiko wa picha zipatazo 4,700 za masuke ya ngano kutoka nchi mbalimbali, masuke yapatayo 190,000 yakiwa yametiwa alama, ili programu zijifunze kuhesabu hata kwenye mashamba na aina za ngano zisizozizoea. Ukibadilisha aina ya mbegu, kamera au urefu wa kuruka droni, pima upya.

Ukikuta programu inapunguza kwa kiwango kile kile kwenye kila mti, mathalani robo, unaweza kusahihisha kwa kuzidisha. Kwa ile miti yetu mitano kuzidisha hakusaidii: ukipandisha iliyopunjwa, unazidisha kosa la iliyoongezewa. Hapo mrudishie mtengenezaji picha za miti iliyobeba sana na za mitupu, pamoja na hesabu zako za mkono, aifundishe tena. Miti ya kupimia baki nayo mwenyewe.