Kabla ya kuiamini PV = nRT kwa gesi ya Rungwe

Mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Mbeya akiona neno gesi kwenye swali, mkono unakimbilia PV = nRT, mlinganyo unaounganisha mgandamizo wa gesi (P), ujazo wake (V), idadi ya moli (n) na jotoridi (T), huku R ikiwa namba isiyobadilika. Tulia kwanza. Mlinganyo huo unachukulia kwamba molekuli hazina ukubwa na wala hazivutani, na gesi ya namna hiyo haipo.

Anza na mgandamizo. Hewa ya tairi la basi linaloondoka Uyole haina shida, kosa halifiki asilimia 1. Ila geji husoma kile kilichozidi hewa ya nje, na hapa mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje ni karibu baa 0.83 (baa ni kipimo cha mgandamizo), si 1. Ijumlishe. Nyuzi nazo zigeuze kuwa Kelvini.

Sasa chukua hewa ukaa (CO2), ambayo wilayani Rungwe, hapa mkoani Mbeya, hutoka yenyewe ardhini na kuvunwa. Bana moli 1 kwenye nusu lita kwa Kelvini 300. PV = nRT inakupa baa 49.9, mlinganyo wa van der Waals, wa mwaka 1873, unaohesabu ukubwa wa molekuli na mvutano wao, unakupa karibu 40. Baa 10 zimekwenda wapi? Kwa kuwa molekuli zina ukubwa, nafasi ya kukimbia inapungua, na hilo peke yake lingepandisha mgandamizo hadi 54.5. Lakini molekuli inayokaribia ukuta huvutwa na zilizo nyuma yake, inagonga kwa nguvu pungufu, na baa 14.6 zinaondoka. Hapa mvutano umeshinda. Ukifika mamia ya baa, ukubwa ndio hushinda, kwa hiyo usikariri kwamba gesi halisi siku zote ina mgandamizo mdogo.

Zito kuliko yote ni jotoridi. Mwanakemia Thomas Andrews alionyesha mwaka 1869 kwamba hewa ukaa iliyo chini ya nyuzi 31 hivi ikibanwa vya kutosha hugeuka kimiminika, jambo ambalo PV = nRT haiwezi kulitabiri kamwe. Na baridi yetu ya Mbeya iko chini ya hapo karibu mwaka mzima! Ndani ya mtungi wa hewa ukaa wa kuzimia moto, basi, kuna kimiminika na gesi juu yake. Kwa nyuzi 20 mgandamizo ni karibu baa 57, uwe umejaa au umebaki nusu. Ukitaka kujua kilichobaki, usikokotoe. Weka mtungi kwenye mizani, kisha toa uzito wa mtungi mtupu.