Somo: Kutafuta vyanzo vya maktaba kwa kozi ya usimamizi wa rasilimali watu

Wanafunzi wengi wakipewa kazi ya kuandika hubandika swali zima kwenye kisanduku cha kutafutia. Matokeo yanakuja maelfu, na ya juu kabisa mara nyingi ni kurasa za kampuni zinazouza programu za mishahara. Ukitaka vyanzo ambavyo mhadhiri hatavikataa, kazi kubwa iko mwanzoni, kwenye maneno. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: Livunje swali

Tuseme umeulizwa kama mafunzo kazini yanapunguza idadi ya wauguzi wanaoacha kazi. Humo mna mambo matatu: mafunzo, kuacha kazi, wauguzi. Lipe kila jambo safu yake kwenye karatasi, kisha uorodheshe chini yake majina yake mengine. Kanzidata nyingi, yaani hifadhi za makala mtandaoni, ni za Kiingereza, kwa hiyo andika kwa Kiingereza. Jihadhari na "turnover", neno la wafanyakazi kuacha kazi: kwa Waingereza ni mauzo ya kampuni pia, na ukiliandika peke yake utaletewa ripoti za fedha. Andika "employee turnover" pamoja na alama za nukuu ili maneno hayo mawili yasitenganishwe.

Fungua ukurasa wa utafutaji wa kina, ujaze hivi:

Kisanduku cha kwanza: "employee turnover" OR retention
Cha pili: training OR development
Cha tatu: nurs*

Kati ya visanduku weka AND. OR hupanua, maana neno lolote kati ya hayo linatosha; AND hubana, maana yote lazima yawepo. Nyota huleta maneno yote yanayoanza na herufi hizo: nurse, nurses, nursing, na pengine hata nursery, ambayo utaiondoa mwenyewe.

Hatua ya 2: Katalogi na rafu

Kitabu cha kiada hakitoshi kuwa ushahidi wako, lakini kinakuonyesha mada ilivyogawanyika na nani anabishana na nani. Kwenye maktaba inayopanga rafu kwa namba za Dewey nenda 658.3, kwenye mpangilio wa Library of Congress, HF5549. Katalogi nyingi bado zinaiita fani hii kwa jina lake la zamani, "Personnel management". Tafuta mada kwa jina hilo, utaona vitabu ulivyokuwa unavikosa. Pitia pia rafu za jirani: 331 kwa uchumi wa kazi, 158.7 kwa saikolojia ya kazini, 344.01 kwa sheria za kazi.

Hatua ya 3: Kanzidata

Ingia kupitia ukurasa wa maktaba yako, maana ndiyo iliyolipia. Kwa fani hii anza na Business Source, ABI/INFORM au Emerald. Mada ikiwa motisha au usaili, ongeza PsycINFO, ya saikolojia. Chuja zibaki makala zilizohakikiwa na wataalamu. Usikimbilie kuchuja zenye matini kamili pekee. Makala nzuri unaweza kuipata kwa njia nyingine.

Hatua ya 4: Fuata mnyororo wa marejeo

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Ukipata makala moja nzuri, soma marejeo yake upate waliotangulia, kisha iangalie kwenye Google Scholar uone waliokuja kuinukuu baadaye. Mfano, mwaka 1995 Mark Huselid alichapisha katika Academy of Management Journal utafiti uliohusisha mbinu za kusimamia wafanyakazi na kuacha kazi, tija na faida ya kampuni. Ukiwafuata waliomnukuu utamkuta Patrick Wright na wenzake, 2005, katika Personnel Psychology, wakihoji kipi kinatangulia: je, mbinu nzuri ndizo zinazoleta faida, au kampuni yenye faida ndiyo inayomudu mbinu nzuri? Mjadala wa namna hiyo ndio unaoipa kazi yako uzito.

Hatua ya 5: Sheria na takwimu

Shirika la Kazi Duniani, lililoanzishwa 1919, lina NATLEX kwa sheria za nchi, NORMLEX kwa mikataba ya kimataifa na ILOSTAT kwa takwimu. Zote ni bure. Kabla ya kunukuu sheria, hakikisha haijarekebishwa.

Kila unachokipata kihifadhi papo hapo kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, nayo ni bure.

MASWALI

Swali: Mwalimu, chuo chetu hakijalipia kanzidata hizo. Tufanyeje?
Jibu: Anza na DOAJ na CORE, ambazo zina makala za wazi. Kisha mwulize mkutubi kama chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu; ndani yake kuna GOALI, inayohusu sheria na sayansi jamii. Mwulize pia kama anaweza kukuazimia kutoka maktaba nyingine. Ikishindikana, mwandikie mwandishi kwa heshima umwombe nakala. Wengi hufurahi kusomwa.

Swali: Harvard Business Review inakubalika?
Jibu: Inafaa kupatia wazo au mfano wa kampuni. Lakini haipiti kwenye uhakiki wa wanataaluma kama majarida ya utafiti, kwa hiyo usiitegemee kuthibitisha hoja. Ripoti za vyama vya kitaaluma kama CIPD, cha wataalamu wa rasilimali watu Uingereza, zichukulie vivyo hivyo: angalia walimhoji nani, na wangapi.

Swali: Nimefuata hatua zote nikapata makala mbili tu. Nibadilishe mada?
Jibu: Bado, ndugu yangu. Ondoa kwanza kisanduku kimoja, kile cha wauguzi. Tafiti za mafunzo na kuacha kazi katika sekta nyingine zitakupa nadharia, nawe utaeleza kwa nini zinawahusu wauguzi, au kwa nini haziwahusu. Zikibaki chache hata baada ya hapo, mpelekee mkutubi karatasi yako ya safu, aone maneno uliyotumia.